Sote Tulikuwa Rex Dunmore

Redfern, Sydney
12 Juni 1950

Kaka yangu mpendwa Lindsay,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikiomba barua hii ikukute kikohozi kimekupa nafasi ya kulala na baridi ya huko milimani haijakuzidi. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake mzima: jana alimwambia mwuza nyama kwamba kondoo wake alikufa kwa uzee. Anakufumia soksi.

Barua yako ya Jumanne nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Unasema Ijumaa utaondoka hospitali, daktari apende asipende, kwa kuwa mtu ambaye hadithi zake hutoka kila mwezi hana sababu ya kulala akitazama dari. Unataka upange chumba hapa mjini, uandike. Kaka, niliogopa sana.

Unajua kazi ya Bwana Pascoe, mhariri wetu, inavyokwenda tangu magazeti ya hadithi ya Wamarekani yazuiwe kuingia nchini. Kwanza jalada huchorwa, kisha hutafutwa hadithi ya kulifuata. Likichorwa zimwi la kijani limembeba msichana, basi zimwi liwemo na msichana awemo. Na kila anayeandika, awe nani, hutolewa kwa jina moja la Rex Dunmore, mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Ndiyo maana ulipoona hadithi ulizoandika kwa penseli, nami nikakuchapia, zimetoka zimegeuzwa, hukushangaa. Ulicheka tu, ukasema Pascoe amekuchinjia tena watu wako.

Pascoe hakuchinja mtu. Mwezi Februari nilipompelekea ile ya mji uliofukiwa jangwani, alisoma ukurasa mmoja, akaniambia, haya binti, kaka yako anaandika matanga, mimi nauza roketi, usiniletee tena. Nililia ngazini. Nikakuwaza umelala pale ukingoja gazeti. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye mashine ya chapa, nikachukua jangwa lako na majina ya watu wako, nikaandika mwenyewe. Pascoe aliipokea kabla chai yake haijapoa, akasema afadhali kaka yako ameamka.

Tangu hapo zote tano ni zangu, Lindsay. Na nikisema kweli niseme yote: nilifurahi. Siku nyingine, hadithi iliponoga, nilisahau kabisa kwamba nakudanganya. Zako ninazo, sijatupa hata moja, lakini hakuna anayezitaka.

Nilidhani nakupa sababu ya kuishi, kumbe nimekupa sababu ya kuondoka kitandani. Daktari alituambia mimi na Mama, akatukataza tusikwambie, kwamba ukitoka kabla ya baridi kwisha, Krismasi hutaiona. Sasa nimekwambia na hilo.

Hakuna kazi inayokungoja huku. Sikuombi msamaha, wala usijilazimishe kunipa. Nichukie utakavyo, kaka, ila nichukie ukiwa kitandani.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote. Magazeti yote matano ameyapanga juu ya kabati, na kila jirani akiingia humwonyesha kazi ya mwanawe wa kiume.

Ni mimi, mdogo wako,
Thelma