Vipande vya Shati Lako

Mdogo wangu Hollis,

Najua mkeo Lorene ndiye anayekusomea. Mvua imetunyeshea Alabama wiki nzima, na mkate wa mahindi haushuki tena kooni. Daktari amenipa siku chache.

Fundi alipobadilisha mtutu wa bunduki ya baba, ile inayojipakia risasi yenyewe, uliniletea niisafishe na kurekebisha shabaha. Niliirekebisha mpaka ikapiga katikati ya karatasi. Ulipokwenda kuchukua kahawa, nikazungusha kitufe cha darubini ya shabaha hadi kikalia mara arobaini, ili risasi ziende pembeni. Mimi ndiye mkubwa, lakini bunduki baba alikupa wewe.

Ulimkosa kulungu msimu ule, na miwili iliyofuata, maana kila mwaka uliniletea tena, nami nikaipotosha tena. Kambini kwetu wawindaji, kwa desturi ya mtu aliyekosa, tulikukata pindo la shati tukalipigilia ukutani.

"Mwakani njoo na gauni, Hollis, kitambaa kitutoshe!"

Ni mimi niliyesema. Ulicheka kuliko wote.

Kisha ukasema macho yamekwisha. Daktari alikuambia ni mazima, ila wewe uliiamini bunduki. Ukaacha kuendesha lori, ukaacha kusoma, ukanikabidhi bunduki ukilia: "Itunze wewe, kaka."

Jioni ile ile nilirudisha kitufe mahali pake. Kesho yake niliangusha kulungu kwa risasi moja.

Mnyang'anye Lorene karatasi hii uisome mwenyewe. Unaona vizuri. Miaka kumi na tisa yote ulikuwa unaona.

Naomba radhi. Bunduki nimemwachia mwanangu.

Kaka yako,
Leland