Mvua Imeingia, Mama Riziki Anaondoka

Dada Zawadi, shikamoo.

Usidanganywe na picha ya bahari ya buluu upande wa pili wa kadi. Hapa Durban mvua haijakatika wiki nzima. Leo nilikuwa natafsiri dukani ninakofanya kazi ya ukarani, kama kawaida. Tajiri wetu Mchina akasema taratibu: "Mvua imeingia stoo, mablanketi yamelowa, Mama Riziki anaondoka." Kichina chao ndivyo kilivyo: wanapanga mambo yafuatane tu, sababu unaiunganisha mwenyewe. Nikatafsiri vivyo hivyo bila kuongeza "kwa sababu", maana niliogopa lawama itoke mdomoni mwangu.

Mama Riziki ni Mkongo anayepanga mizigo, na ndiye aliyetuonya mapema kwamba bati linavuja. Akanigeukia: "Niondoke juu ya nini? Ile mvua iko ya mimi?"

Nikamuuliza tajiri sababu. Hakukasirika hata kidogo. Alijimiminia chai, akasema: "Karani anauliza maswali, karani anaondoka."

Hiyo sikuhitaji kuunganishiwa.

Sasa tumekaa kwenye ngazi za nje, tunachovya mkate katika mchuzi wa maharage wenye pilipili kali. Mama Riziki ananicheka huku akifuta macho: "Eish, mdogo wangu! Miaka yote ile ya shule, leo ndiyo umejua Kichina."

Nimewakumbuka mno, wewe na watoto. Mungu awafunike. Mama ana presha, kadi hii usimsomee.

Mdogo wako,
Baraka