Yunisi wa Ilongero, Aliyetupatia Nesi

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu tulipokuzika hapa Ilongero, Septemba 1958. Bado kuna asubuhi Baba Alute anaita jina lako kabla hajakumbuka.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na mwendo wa haraka. Mgeni hakuondoka kwako bila kula, hata akiapa kwamba ameshiba. Hayo jirani zetu wanayajua. Leo tunataka na wengine wajue ulivyotupatia nesi.

Wakati ule zahanati yetu ilikuwa na dresa mmoja tu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, Manase. Alikuwa mtu mwema, ila wanawake wenye uchungu hawakukubali kushikwa na mwanamume, na wengine walifia njiani wakipelekwa Singida mjini. Wasichana wawili wa kwetu walikuwa wamesomea unesi. Mmoja alichukuliwa Dodoma, mwingine Dar es Salaam, na hawakurudi. Ndipo mkweo Dina, mke wa mwanao Simeoni, akaomba nafasi katika hospitali ya misheni, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Jibu lilipofika, Januari 1950, alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, Elina. Barua ilisema aje, lakini asije na mtoto.

Dina aliikunja barua akaenda zake kuteka maji. Wewe ulimfuata hadi kisimani.

"Funga mzigo, mwanangu. Mtoto nitambeba mimi."

"Atanyonya nini, Mama?"

"Atakunyonya wewe. Tunakwenda wote."

Mkaenda. Ulipata pa kulala kwa Anastasia, aliyefua mashuka ya hospitali. Kila kengele ya mapumziko ilipolia, ulikuwa nyuma ya chumba cha kufulia na Elina mgongoni. Dina alikuja mbio, akanyonyesha amesimama huku anakariri majina ya mifupa, kisha akarudi darasani. Huku nyumbani watu walisema umemtelekeza mume kwa ajili ya mkwe. Baba Alute aliwajibu kwamba hajatelekezwa, anajifunza kusonga ugali. Ugali wake ulikuwa mbichi katikati, lakini aliula.

Mwezi wa tatu, Sista Mkuu, yule Mzungu aliyesimamia mafunzo, akawakuta.

"Mtoto huyu ni wa nani?" Sista aliuliza.

"Ni mjukuu wangu," ulimjibu. "Mama yake ndiye huyu anayemnyonyesha."

"Sheria yetu inakataa. Dina atarudi nyumbani."

Hukumsihi wala hukulia. Ulimuuliza, "Sista, wasichana uliowafundisha, wale wasio na watoto, wako wapi leo?"

Wodi ya Sista mwenyewe ilikuwa na manesi wawili kwa vitanda arobaini, maana kila aliyehitimu alichukuliwa na miji mikubwa.

"Huyu ana mume Ilongero," uliendelea. "Ana shamba, ana mtoto. Ukimfundisha atarudi kwetu, na atakaa."

Sista akamtazama Elina, ambaye muda wote huo hakuacha kunyonya.

"Saa saba na saa kumi na moja," alisema mwishowe. "Usichelewe, Bibi."

Hukuchelewa hata siku moja kwa miezi kumi na minane, mpaka Elina alipoacha ziwa ukarudi naye nyumbani. Ulikosa mavuno mawili, na hatukukusikia ukiyataja.

Dina alirudi na cheti mwaka 1953. Juma lake la kwanza, jirani yetu Rahabu aliletwa juu ya kitanda cha kamba, mtoto amekaa vibaya tumboni. Adhuhuri tukasikia kilio cha kichanga, na wewe pale mlangoni ukapiga vigelegele mpaka ng'ombe bwawani wakainua vichwa.

Mwaka uliofuata Sista aliandika barua: kina mama wengine waje, na bibi wa watoto waje nao. Akaenda Yustina, akaenda mmoja wa kijiji cha Ulemo, akaenda na Rahabu mwenyewe. Wale bibi uliwafundisha wewe mahali pa kukaa ili kengele isiwapite. Leo Ilongero ina manesi watatu, Ulemo ina mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Ulipolazwa mwaka jana katika zahanati yetu, asubuhi moja ulifumbua macho ukawakuta Dina, Yustina na Rahabu kando ya kitanda chako. Ukawagombeza.

"Wote mko hapa. Nani yuko na wagonjwa wengine?"

"Tumekwisha kuwapitia wote, Mama," Dina alikuambia. "Umebaki wewe."

"Basi vizuri," ulisema, ukaomba uji.

Wanaokukumbuka ni mume wako Alute. Mwanao Simeoni na mkweo Dina. Wajukuu wako Elina na Filipo. Na manesi wa Ilongero na Ulemo pamoja na watoto wao.

Siku zote utakuwa nasi moyoni, Mama.