Ule Uwanja Kati ya Wodi na Maabara

Mke mwenzangu Rukia,

Pokea salamu za Pangani. Sote wazima, na mimi nimenona kwa mapenzi! Babu yako mpya, Salehe wangu, kila asubuhi ananimenyea chungwa kabla sijaamka. Huyu sikugawii.

Ila barua yako imenikasirisha. Eti mkubwa wako wa kazi anasema daktari wa moyo anayeomba muda wa utafiti maabara anawakimbia wagonjwa, nawe unaniuliza kama uache? Uache nini!

Nilipomaliza sekondari niliajiriwa hospitali, kazi yangu kupeleka chupa za damu maabara, ng'ambo ya uwanja. Daktari na bwana wa maabara walikuwa hawaongei. Matusi yao niliyabeba mimi.

"Mwambie huyo mwosha chupa ananichelewesha."

"Mwambie bwana mkubwa aje mwenyewe, ana miguu."

Wodini alilala Mwanaidi, mtoto wa miaka sita mwenye ugonjwa wa moyo, homa haishuki kwa dawa ya malaria. Jibu la damu yake lilikaa maabara siku mbili, kila mmoja akingoja mwenzake aje. Nikamshika daktari koti, nikamvuta kupita uwanjani hadi maabara, wagonjwa wakicheka. Akainamia hadubini.

"Kumbe si malaria," akasema taratibu. "Vijidudu hivi vinamla moyo."

Dawa ikabadilishwa saa ile ile, Mwanaidi akapona homa. Zile siku mbili alizoungua bure sijazisamehe mpaka leo.

Kesho mwamkie mkubwa wako kwa adabu, kisha omba tena. Nataka uwe daktari anayeisoma mwenyewe damu ya mtoto na kurudi kando ya kitanda cha mtoto huyo, siku hiyo hiyo.

Bibi yako, bi harusi,
Mwanahamisi