Mbwa wa Kwenye Picha na Mbwa wa Ghalani

Ruangwa

Mdogo wangu Bakary,

Salamu zikufikie huko Lionja ukiwa mzima, wewe na Mama, na dada Zuena na wanawe. Korosho mmeshamaliza kuokota? Mimi nipo, nimechoka tu. Ningepiga simu, lakini najua mnaiweka sauti kubwa ili Mama asikie, na haya ni yako peke yako. Mwandiko usiucheke.

Uliniuliza kama mbwa wa hapa ghalani wako kama wale wa picha za kutisha mnazoangalia kwenye banda la video la Nuhu. Ulisema umeshawajua na unataka kuja kufanya kazi hii. Basi, mbwa wa kwenye picha hunguruma kwanza, mate yakamtoka, kisha akarukia koo. Aliyefundishwa hapigi kelele. Anakuja kimya, anakamata mkono, haachii. Wala hana hasira, mkia unacheza. Kwake ni mchezo. Kwenye mazoezi mimi ndiye ninayevaa gunia mkononi, anauma, halafu nalivua anaondoka nalo kwa furaha. Huo ndio ujira wake. Ildefonsi, anayewafundisha, hunitania kwamba yeye ni mwalimu, mbwa ni wanafunzi na mimi ni ubao.

Korosho zilipoanza kuingia, tukaona kosa letu. Makuli nao hujifunga magunia mikononi na mabegani wasichubuke. Hakuna aliyelifikiria hilo, si tajiri mwenye ghala wala sisi. Asubuhi moja mbwa anayeitwa Chui alikata mnyororo, akakuta uwanja mzima umevaa mchezo wake. Akamkamata kuli mmoja, Eliudi.

Ildefonsi alikuwa Nachingwea. Hapo kila mtu akawa mjuzi wa picha. Mmoja alisema tumkazie macho. Mwingine akataka arushiwe nyama, na Hajra muuza uji akamuuliza nyama gani, wakati yeye mwenyewe uji wa jana hajalipa. Wengine walimpiga mbwa kwa miti, na akipigwa ndiyo anabana zaidi. Eliudi alikuwa amelifunga gunia lake kwa kamba, halivuki.

Bakary, nilimwita Chui kwa sauti ya mazoezi, nikamnyooshea mkono. Akamwachia Eliudi, akanijia mkia ukicheza. Sikuwa nimevaa gunia. Sikuwa na kitu cha kuvua ili aondoke nacho.

Sindano za kichaa cha mbwa nimemaliza, lakini vidole vya kulia havifumbi tena. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Chui alipigwa risasi. Wangeniuliza, ningewaambia alifanya tulichomfundisha.

Kwa hiyo kazini usije. Jembe sitalishika tena, shamba sasa linakutegemea wewe. Ila Jumamosi njoo stendi ya Nachingwea unipokee, maana begi na redio ya Mama siwezi kuvishika pamoja. Mama mwambie narudi kupumzika. Mkono nitamwonyesha mwenyewe.

Nisalimie wote, hata Nuhu na banda lake.

Ni mimi kaka yako,
Ismaily