Nyumba Yangu Haina Kilio

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, saa tisa alasiri. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika ghafla. Sasa joto limerudi na ziwa limetulia kabisa.

Mimi sijatulia.

Nina majivu kwenye nywele, vidole vinanuka samaki wa ndagala, mabega yananiuma, na sijutii hata kimoja.

Binti yangu Mapendo ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni nilipoacha kufundisha, ili nisichoke na upweke hapa Uvira wakati yeye yuko Bukavu na kazi yake. Aliniambia niandike chochote kinachonijia. Haya, leo kimenijia, na yeye asome mpaka mwisho.

Nianze na kosa langu. Majuma matatu yaliyopita niliweka maharagwe kwenye mbabula yangu ya makaa mle jikoni, nikakaa kwenye kiti changu cha mikono kuyangoja yaive, nikasinzia. Jirani yangu Mama Byamungu ndiye aliyeona moshi mweusi mlangoni. Aliingia bila hodi, akaiepua sufuria kwa kitenge chake, na kitenge kikaungua pembeni. Wanasema jungu kuu halikosi ukoko. Langu siku hiyo lilikuwa ukoko mtupu.

Mama Byamungu alimpigia Mapendo simu. Mapendo alilia, nami nikamwapia kwamba ni mara ya kwanza.

Ilikuwa mara ya pili.

Sasa nimeshasema. Asiniulize tena kuhusu hiyo ya kwanza.

Mwanangu hakuniacha nipumue. Akanipa mambo mawili nichague: ama nile chakula kilichopikwa na mtu mwingine, ama nihamie kwake Bukavu, chumba kipo na godoro limeshanunuliwa. Akamtafuta Solange, mwanamke wa mtaa wa pili anayepikia wazee wanaoishi peke yao. Solange anaweka chakula katika visanduku vya plastiki, anaandika siku juu ya kifuniko, anakileta kwa pikipiki. Wewe unafunua, unakula, unafunika. Huchambui, huoshi, hupulizi makaa. Mapendo akaniapisha nisiwashe moto tena, nami kwa mikono yangu mwenyewe nikaibeba mbabula nikaiweka nyuma ya nyumba.

Nilikubali, na visanduku vikaanza kuja Jumatatu hii. Ukiwa mzee unajifunza kukubali haraka ili simu iishe.

Sina ugomvi na Solange. Ni msafi, ana adabu, ananiita mama. Tena niseme ukweli: maharagwe yake ya Jumatano ni matamu kuliko yangu. Lakini mukeke wake! Amempasua, amemtoa miiba yote, na kichwa amekitupa. Nimekula samaki wa ziwa hili tangu nina meno ya utoto, na kichwa nilikuwa nakiweka mpaka mwisho, nikinyonye polepole. Sasa kuna mtu ameamua kwamba mimi na miiba tusikutane tena. Bugali nao umekatwa kipande cha ngumi ya mtoto. Chumvi hakuna. Nimefundisha watoto wa mji huu kusoma, leo nimerudishwa kwenye uji.

Hata hayo ningeyavumilia. Kilichonichoma ni kwamba kile kisanduku ni cha mtu mmoja.

Mama yangu, kule Kiringye, alitufundisha kwamba chungu hakipimwi kwa tumbo lako. Unaongeza konzi moja ya unga kwa ajili ya yule ambaye hajafika bado. Tangu mume wangu afariki nimekuwa nikipika chakula cha watu wawili au watatu, na hakijawahi kulala. Daima yupo mtu anayepita: mama anayetoka bandarini Kalundu na beseni lake, mwanafunzi wangu wa zamani, mwimbaji wa kwaya mwenye njaa. Anaketi, anakula, ananipa habari za mji, anaondoka. Hivyo ndivyo ninavyojua mji huu unaendeleaje.

Juzi saa sita mchana mtu alibisha hodi. Nilikuwa na kisanduku wazi mbele yangu. Nilikifunika nikakisukuma chini ya meza.

Mimi. Binti wa mama yule. Nilificha chakula.

Hatukumwambia mtu yeyote juu ya mpango huu. Mapendo aliogopa watu waseme amemtupia mpishi mzigo wa mama yake. Mimi niliogopa waseme nimeshindwa na sufuria. Tukanyamaza wote wawili, kila mmoja na aibu yake, na ndiyo sababu ya yaliyotokea leo.

Kwetu hapa nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Majirani ndio wanaoleta chakula, kikiwa kimefunikwa, mpaka siku za kilio zipite. Kila mtu anajua hivyo, hata mimi. Lakini nilikuwa ndani siku zote hizi kwa sababu ya mvua na goti langu. Sikufikiria hata mara moja jinsi nyumba yangu inavyoonekana kwa mtu aliyesimama njiani.

Leo saa nne, mvua ilipokatika, nikasikia akina mama wa kanisa wanaimba wimbo wa msiba. Sauti zilikuwa karibu sana. Nikasema masikini, kuna aliyefariki mtaani kwetu na mimi sina habari. Nikaacha simu kitandani ikichaji, nikatafuta kitenge cheusi, nikatafuta viatu, nikahangaika na kile cha kushoto kwa sababu ya goti. Nilitaka niende kulia na wenzangu.

Nikafungua mlango. Walikuwa wameshaingia uani kwangu.

Wanawake tisa. Wamekuja na benchi la kanisa, turubai, beseni la unga, nusu gunia la makaa na ndagala wakavu kwenye ungo. Mama Byamungu alikuwa mbele. Akanirukia shingoni, uso umelowa machozi.

"Pole, mama, pole sana! Mbona ulitufichaka? Ni kaka yako wa Kiringye?"

"Kaka yangu iko muzima! Nani alikufa?"

"Si ni weye unafiwa! Siku tatu moshi haitoke huku, na chakula inaingia yenye kufunikwa!"

"Minye sikufiwa na muntu," nikamwambia. "Minye niko nakula."

Waliacha kuimba. Turubai lilikuwa limeshafungwa upande mmoja kwenye mti wangu wa parachichi. Kisha mmoja akacheka, akajiziba mdomo, akashindwa, na wote wakaangukia lile benchi walilonibebea wakicheka mpaka wanashika mbavu. Nami nilicheka. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini sikutegemea kuona kilio changu mwenyewe, tena nikiwa nimevalia kwenda kulia.

Mama Byamungu ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Akashika kichwa. Asubuhi, kabla hawajaondoka kanisani, alikuwa amemwandikia Mapendo kwenye simu: pole sana mwanangu kwa kilio, tunaenda nyumbani kwenu sasa hivi. Hakutaja jina la marehemu kwa sababu hakulijua.

Nikakimbia ndani. Mtu mwenye goti kama langu, nilikimbia. Mapendo alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Nilipompigia alipokea. Nilisikia pumzi tu. Kisha akauliza kwa sauti ya zamani sana, ya wakati alipokuwa darasa la pili na anaogopa radi: "Mama? Ni weye?"

"Ni minye, mwanangu. Niko muzima."

Akalia. Sijui nielezeje. Kwa karibu nusu saa mtoto wangu alikuwa yatima, amekaa chini kwenye korido ya ofisi, watu wanampita. Nilikuwa naye kwenye simu na sikuweza kumshika. Jambo hilo linaniumiza hata ninapoandika hapa, na hakuna kicheko cha akina mama wa kanisa kitakacholifuta.

Alipomaliza kulia, akakasirika.

"Kesho nakuja kukuchukua. Funga vitu vyako." Akakata.

Nikatoka na simu mkononi. Uani wanawake tisa walikuwa wananitazama. Walikuwa wametembea kwenye matope kuja kunililia, asubuhi yote hawajatia kitu kinywani. Na mimi ndani nina kisanduku kimoja kilichoandikwa Alhamisi Mchana, chenye kipande cha samaki na bugali wa ngumi ya mtoto.

Niliona haya. Kisha haya ikageuka kitu kingine.

Nikazunguka nyuma ya nyumba nikaiburuta mbabula mpaka katikati ya ua, mbele ya macho yao wote. Makaa yalikuwa yao. Unga ulikuwa wao, na ndagala pia. Moto niliuwasha mimi. Nikapuliza mpaka machozi yakanitoka, maji yakachemka, nikamwaga unga, nikashika mwiko. Mama Byamungu akanyoosha mkono kuuchukua.

"Wacha, mama, utachoka."

"Weye kaa. Kilio ni yangu."

Akakaa.

Nilichoka, sikatai. Bugali wa watu kumi si mchezo. Nilipumzika mara mbili katikati. Walinishikia sufuria isiyumbe, hilo niliruhusu, lakini kusonga nilisonga mimi. Ndagala niliwakaanga kwa mawese, nyanya na pilipili, na chumvi nikatia kwa mkono wangu bila kumwomba mtu ruhusa. Tukala uani, chini ya turubai la msiba. Mmoja alisema hajawahi kuhudhuria kilio ambacho marehemu anaongeza mboga.

Tulipokuwa tunakula, Solange akafika na visanduku vya Ijumaa na Jumamosi. Aliona benchi, turubai, akina mama wa kanisa, akaanza kulia kabla hajashuka kwenye pikipiki. Ilibidi ninyanyue mwiko ndipo anione. Tukamkalisha, akala, akalamba vidole, akaniuliza ndagala nimewatia nini. Sikumwambia. Yeye naye hajaniambia siri ya maharagwe.

Lakini tulipatana, mimi na yeye, bila mtu wa tatu. Kinu kimenishinda. Mabega yangu hayatwangi tena majani ya sombe, na huo ni ukweli, siwezi kubishana na mabega. Basi Solange ataniletea sombe iliyotwangwa tayari, nami nitaipika. Jumatano ataniletea maharagwe yake, kwa sababu nimeyapenda, si kwa sababu nimeapishwa. Samaki aniletee na miiba yake yote. Kile kiti cha mikono kimetoka jikoni leo hii, Mama Byamungu amekibeba kwake. Nitapika asubuhi, nje, kwenye kigoda kisicho na mgongo, mahali anaponiona kutoka uani kwake. Nikianza kusinzia, anitupie kokoto. Ameahidi kulenga vizuri.

Kwa hiyo, Mapendo, kama umesoma mpaka hapa, usiseme kwamba mama yako ni mkaidi asiyesikia. Nimesikia. Nimekubali kinu, nimekubali kiti, nimekubali kuangaliwa. Nimekubali mambo mengi kuliko niliyowahi kumkubalia baba yako.

Najua kesho utanieleza nini. Chumba ni kizuri, wajukuu wanafurahi, chakula kitakuja kwenye sinia saa ile ile kila siku. Najua pia itakavyokuwa. Nitakaa kwenye kile chumba na sweta, kwa sababu ya baridi yenu ya Bukavu, nikingoja kusikia hatua za mtu anayeniletea sahani. Sitamjua anayepita njiani. Hakuna atakayekuja kwangu na njaa. Mtanipenda sana, na sitakuwa na kitu cha kumpa mtu yeyote.

Sitaki kulishwa wakati bado najua kulisha. Ni hilo tu. Siku nitakaposhindwa kweli nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na utakuja na gari unibebe. Siku hiyo si kesho.

Gari la Bukavu litashuka Kamanyola, litakata uwanda wa Ruzizi, na saa sita utakuwa umefika, na vumbi, na njaa, na macho yaliyovimba kwa ajili yangu. Utanikuta nje. Sijafungasha hata leso.

Nitakukumbatia kwanza, muda mrefu, mpaka uamini kwamba nipo. Halafu nitakupakulia ule ushibe.

Halafu nitakuambia hapana.