Kopa Tatu za Mkono Mtupu

Kibosho,
Jumatatu ya Pasaka.

Kwa Meku Ildefonce, mzee mwenzangu,

Nakusalimu wewe na magoti yako, maana najua hayo ndiyo yanayoamua siku yako ikoje. Huko Mwanza kwa binti yako Pamela utakula samaki mpaka lini? Mimi mzima, meno yamebaki matatu na yote yapo kazini. Migomba yako naipitia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe husikii na mimi nacheka.

Jana baada ya misa tulicheza briji kwa Veronika, karata zetu zile za wawili kwa wawili. Kiti chako cha mwenzangu wa meza anakalia Jackson, yule aliyekuwa akipandisha wageni mlimani. Nikapata kopa saba, kubwa yao malkia, na karata zingine takataka. Unanijua: nikataja kopa tatu papo hapo, ahadi kubwa kuliko mkono wangu, kwa sauti ya tajiri, ili wapinzani wetu Veronika na Ndelilio wakose nafasi ya kuelezana walicho nacho.

Jackson akaniamini. Akaruka mpaka kopa sita. Tulichoahidi hatukukifikia hata kwa mbali, tulianguka vibaya, Meku. Veronika akasema kopa zangu zimekuja harusini na kandambili. Jackson akalalamika kwamba anayepiga kelele kiasi kile lazima awe na kitu. Nikamwambia mwenye kitu hupanda polepole. Anayeruka anaficha umaskini wake. Mwenzake ahesabu vya kwake, akiona havitoshi anyamaze.

Wewe hilo ulilijua tangu ujana, tulipokuwa wahudumu klabuni kwa wazungu wa kahawa, tukijifunza mchezo kwa kuchungulia mabegani mwao huku chai yao inapoa. Ukanifundisha na la pili, ambalo sikulishika: nisiruke juu kabla mwenzangu hajasema, maana nitamziba yeye badala ya adui.

Sasa nikuambie ukweli. Siku ile ya Januari Pamela alipokuja kukuchukua, alikuuliza mbele yetu kama kweli umeridhika kuhama. Uliweka kata ya pombe ya mbege chini, ukafungua mdomo. Nikakuwahi. Nikasema uende zako, kiti chako nimeshampa Jackson. Jackson mwenyewe nilikuwa sijamwambia neno. Niliogopa utasema umeridhika, nikaona bora nitangulie mimi. Ukanitazama, ukafunga mdomo, ukapanda gari. Miaka yote hiyo umenijua nikitaja nisichonacho, na siku ile moja ukaniamini.

Naomba tugawe karata upya. Lile ulilotaka kusema, liseme. Kama ni kuondoka, nitanyamaza, na migomba nitaendelea kuipitia. Kama ni kubaki, Jackson anadai kiti chako kinamuumiza mgongo.

Msalimie Pamela, apunguze mafuta kwenye hao samaki. Veronika na Ndelilio wanakusalimu sana. Mimi sina salamu zaidi. Nimeshataja, na safari hii sina ninachoficha. Zamu ni yako.

Mwenzako wa meza,
Wenseslaus